Buluu, Nili na Kaniki

Mama mmoja katika wasomaji wetu wa pwani ametuletea barua ndefu ya manung'uniko, nasi tumeona vyema tumjibu hapa ukurasani kuliko kumjibu peke yake, kwani lililomkuta yeye hukuta nyumba nyingi. Ana binti anayekaribia kuolewa. Binti huyo na wenziwe wamekwisha kukubaliana juu ya sare ya arusi: nguo za buluu iliyokoza, ile buluu kali iwakayo ambayo mtu akiiona kwa mbali hudhani ina taa ndani yake. Waliiona kwanza katika picha zilizowajia kwa simu, wakaenda dukani wakaikuta, wakaipenda. Wakamletea bibi yao kitambaa akitazame. Bibi akakishika, akakigeuza upande huu na upande huu, kisha akakirudisha akasema, "Wajukuu zangu, mimi sivai kaniki siku ya arusi." Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika. Vijana wasema bibi hajui mitindo. Bibi mwenyewe hasemi kitu. Mama mtu, aliye kati, atuuliza mambo mawili: je, katika dini iko khabari yo yote ya kuikataza rangi hii? Na je, kaniki imeingiaje hapa, hali kitambaa chenyewe ni kile chepesi king'aacho cha kiwandani, wala hakina unasaba wo wote na kaniki?

Swali la kwanza halina urefu. Katika Suratul-Aaraf Mwenyezi Mungu amewaruhusu waja wake pambo, na papo hapo amewakataza israfu. Mtume (s.a.w.) aliisifu nguo nyeupe na akawapendelea watu waivae na wawakafinie maiti wao, na wanavyuoni wamezungumza sana juu ya mwanamume kuvaa nguo iliyotiwa rangi ya ua liitwalo kwa Kiarabu usfur. Ama buluu haikukatazwa. Wako wanaoshikilia neno moja lililomo katika Suratu Twaha, ambamo imetajwa kwamba wakosaji watakusanywa siku ya Kiyama wakiwa "zurqa", nalo ni neno lenye asili moja na jina la buluu kwa Kiarabu. Wafasiri wamelieleza kwa njia mbalimbali: wako waliosema ni macho ya buluu, wako waliosema ni upofu, na wako waliosema ni miili iliyobadilika kwa hofu. Hiyo ni khabari ya macho na miili ya watu, wala si khabari ya kitambaa. Yanayoangaliwa katika nguo ya mwanamke ni kuwa isiwe nyepesi ya kuonyesha mwili wala ya kumbana, na wapi aivaapo. Arusi za kwetu wanawake hukaa kwao na wanaume kwao. Buibui huvuliwa ndani, na ndani ndimo buluu hiyo itakamowaka. Basi hapo pasitiwe neno.

Swali la pili ndilo lenye mambo, nalo latupasa tulianze mbali kidogo.

Lugha yetu wenyewe yaonyesha kuwa buluu ilitufikia kama mgeni. Twasema nguo nyeupe, nyeusi na nyekundu, na maneno hayo hugeuka kufuata kitu kinachosifiwa, kitu cheupe, vitu vyeupe, kama yafanyavyo maneno ya asili. Rangi nyinginezo twaziita kwa vitu vyake: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, manjano kwa ile manjano ya mapishi. Buluu tumeiazima kwa Waingereza. Samawati tumeitoa katika mbingu za Kiarabu. Na nili ni neno lililotoka Bara Hindi likapita kwa Waarabu mpaka likatufikia sisi. Si kwamba wazee wetu hawakuona mbingu wala bahari. Ila rangi hiyo haikuwa kitu cha kushikika. Katika maumbile vitu vya buluu vilivyo hasa na rangi hiyo ndani yake ni vichache mno. Hata tausi, ambaye kifua chake twakipigia mfano, hana chembe ya rangi ya buluu katika unyoya wake: unyoya umepangwa kwa namna ya kuirudisha nuru ya buluu peke yake, na ukiusaga wapata vumbi la kahawia. Huenda hiyo ndiyo sababu ya jicho la mtu kushtuka kila lionapo buluu kali. Ni kitu adimu, na kwa miaka maelfu mwenye kukitaka ilimbidi akichimbe mlimani huko Badakhshani, katika nchi ya Afghanistani, litokako jiwe la lajwardi, au akitoe katika jani.

Hilo jani ni la mnili, nalo lastahili kuelezwa, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la bibi. Ukilitazama, jani la mnili ni la kijani kama majani mengine. Hukatwa likalowekwa majini mpaka likachachuka, na maji yakawa ya kijani-manjano. Kisha maji hayo hupigwa kwa nguvu, kwa makasia au kwa miguu ya watu, ili yaingiwe na hewa. Hapo buluu huzaliwa na kutuama chini kama tope. Tope hukaushwa, likakatwa vipande na kuuzwa. Lakini nili iliyokauka haiyeyuki katika maji matupu. Mtia rangi lazima aichachue tena katika pipa au shimo lake, irudi kuwa manjano, ndipo atumbukize nguo. Nguo hutoka ikiwa ya kijani-manjano, na mbele ya macho ya watu, kwa kupigwa na hewa tu, hugeuka ikawa buluu. Ikitumbukizwa mara moja huwa samawati. Ikirudiwa huwa buluu kali, ndiyo hiyo waitakayo vijana wetu. Ikirudiwa tena na tena huzidi kukoza mpaka ikakaribia weusi, nayo ndiyo kaniki. Pipa ni lile lile.

Katika karne ya 19, zama za misafara, nguo mbili ndizo zilizotajwa kuliko zote katika biashara ya Unguja na bara: merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyokuja kutoka viwanda vya Marekani, na kaniki, iliyokuja zaidi kutoka Bara Hindi. Tena kaniki ilifanywa papa hapa kwetu. Merikani ikichakaa na kufubaa hutiwa katika nili, ikapata maisha ya pili. Kwa hiyo ilikuwa nguo rahisi, yenye kustahimili kazi na kuficha uchafu, na kwa sababu hiyo ndiyo waliyovikwa wajakazi. Muungwana alikuwa na vitambaa vya Surati na Maskati. Alijifunika kichwa, akavaa na viatu. Mjakazi alijifunga kaniki kwapani, kichwa wazi, miguu mitupu. Mtu aliyepita njiani hakuwa na haja ya kuuliza yule ni nani. Nguo ilikwisha kumwambia.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sheria ni karatasi. Wanawake waliokuwa wajakazi wao walikuwa na karatasi yao, nayo ilikuwa ni kanga. Wengi waliitupa kaniki wakavaa kanga za rangi na maua, wakajifunika vichwa, kusudi watu wawaone. Tusidhani ya kuwa huo ulikuwa upuuzi wa mitindo. Mtu aliyevikwa rangi moja na bwana wake, siku atakapopata ruhusa ya kuchagua, atachagua rangi kumi.

Bibi wa barua hii hakuuona utumwa. Lakini mama atwambia umri wake umepita themanini, na kwa hesabu hiyo bibi yake yeye huenda alizaliwa kabla ya amri ya 1897. Hatujui alisikia nini alipokuwa mtoto miguuni pa bibi yule, wala hatuna haki ya kukisia. Ila aliposhika kitambaa akasema "kaniki", hakuwa akisema khabari ya mitindo, na wajukuu wamemjibu jambo asilolisema.

Pamoja na hayo, nao vijana wana hoja, nasi hatutaki kuwanyima. Rangi ile ile iliyokuwa alama ya unyonge hapa kwetu, penginepo ilikuwa alama ya heshima. Jangwani Sahara mwanamume wa Kituaregi hujifunga kilemba cha nili na kujifunika uso, na kilicho bora kabisa hutiwa nili kikapigwa kwa rungu mpaka kikameta kama chuma. Nili hiyo hutoka ikamshika ngozi ya uso, naye haifuti, bali aionea fahari. Vitambaa hivyo vilitoka zaidi pande za Kano, mji wa Waislamu wa Nijeria ya Kaskazini, ambako mashimo ya kutia nili ya Kofar Mata yahesabiwa kuwapo tangu mwaka 1498. Katika milima ya Dhofari, huko Omani, wanaume nao walivaa nguo ya nili, miili yao ikawa na rangi ya buluu, na hapana aliyewaita watumwa.

Kisha tukienda Misri mambo yageuka tena. Katika karne ya 19 mwanamke wa Misri aliyefiwa na mumewe alizitia nili nguo zake na ushungi wake, buluu ikawa rangi ya msiba. Na mwaka 1301, katika enzi ya Mamluki, serikali ya Kairo iliwaamrisha Wakristo wavae vilemba vya buluu na Mayahudi vya manjano, wapate kutambulikana. Baada ya hapo Mwislamu wa Kairo hangeweza kuvaa kilemba cha buluu bila ya kuulizwa dini yake. Kila mahali rangi haikuwa na hatia. Ni watu waliomvika mwenzao, wakaiacha rangi ibebe lawama.

Tena pwani yetu haikuichukia buluu hata katika zama zile za kaniki. Iliipenda, lakini iliipenda ukutani. Katika mwaka ule ule wa 1301, bwana mmoja wa Kashani nchini Irani, Abu al-Qasim, aliandika kitabu juu ya kazi ya vyombo vya udongo, akataja madini ya buluu yachimbwayo katika kijiji cha Qamsar karibu na mji wao. Madini hayo ndiyo kobalti. Kobalti ya nchi za Kiislamu ilichukuliwa mpaka China, na mafundi wa huko wakachorea kwayo vyombo vyeupe; hata baadaye rangi moja ya aina hiyo waliiita buluu ya Waislamu. Vyombo hivyo vikapakiwa marikebuni vikaja kwetu. Wazee wa pwani hawakuridhika kulia chakula tu. Walivipanga katika zidaka za nyumba za Lamu, wakavipachika katika makaburi ya nguzo, kama ya Kunduchi na ya Mambrui. Msafiri wa Istanbuli leo hustaajabia ule msikiti wa Sultan Ahmed ulioanza kujengwa mwaka 1609, wenye vigae zaidi ya 20,000 vya Iznik, vingi vyenye buluu. Sisi tulikuwa na ya kwetu, madogo, lakini yametoka katika mapenzi hayo hayo. Ajabu yenyewe ni kuwa katika nyumba moja sahani ya buluu iliwekwa juu itazamwe, na mjakazi aliyeifuta vumbi alikuwa amevaa buluu asiyotakiwa kutazamwa.

Na mzigo wa nili haukuwa wa wavaaji peke yao. Huko Bengali, wakulima wengi wao wakiwa Waislamu masikini, walikuwa wakipewa fedha za mbele na wenye viwanda wa Kiingereza, na mkulima aliyezipokea mara moja hakutoka katika deni hilo mpaka kufa. Shamba la mpunga likageuzwa la mnili kwa fimbo. Mwaka 1859 walikataa kupanda, ikazuka fitina kubwa, na mwaka 1860 serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Katika Champaran, jimbo la Bihari, desturi ya kumlazimisha mkulima apande mnili katika sehemu 3 za kila sehemu 20 za shamba lake iliendelea mpaka alipokwenda Gandhi mwaka 1917. Wakati huo nili ya jani ilikuwa imekwisha kupigwa na nili nyingine. Mwanachuoni wa Kijerumani, Adolf von Baeyer, aliivumbua njia ya kuifanya bila ya jani mwaka 1880, na kiwanda cha BASF kikaanza kuiuza mwaka 1897, mwaka ule ule wa amri ya Unguja.

Tangu hapo buluu imekuwa rahisi. Kitambaa walichokinunua wajukuu hawa hakina hata tone la nili ndani yake. Ni rangi ya kiwanda juu ya uzi wa kiwanda. Hapo mama asema kweli. Lakini macho ya bibi hayaulizi kiwanda.

Sasa tutoe rai yetu. Twaona sare ibaki kama ilivyo, kwa kuwa haina kosa katika dini wala katika adabu. Bibi naye asilazimishwe kuivaa. Desturi hii ya kumtaka kila mtu wa ukoo awe na sare, hata wazee wa watu, ni desturi changa isiyo na mizizi, nasi hatuipendi. Bibi avae kanga zake azipendazo, mpya, tena anunuliwe na hao hao wajukuu. Na kabla ya siku yenyewe, binti aende kwake peke yake, bila kitambaa mkononi, wala asiende kumbembeleza akubali. Aende akae. Akiwa bibi ataka kusimulia khabari ya kaniki, atasimulia. Akiwa hataki, pia amjua.

Na kwa kuwa tumeitaja sare, tusifiche lingine lililomo katika barua. Mama ataja kwa haraka, kana kwamba si kitu, ya kuwa shangazi wawili wa bwana arusi wamekopa ili wapate kununua kitambaa hicho na kumlipa mshoni, kwani waliona haya kusema hawana. Kwetu sisi hilo ni zito kuliko rangi. Israfu aliyoikataza Mwenyezi Mungu haikuanza katika buluu. Imeanza pale mtu mmoja alipochagua na mwingine akalipa. Kama arusi haijafika, shangazi hao waachiwe wavae walicho nacho, na waambiwe na bibi arusi mwenyewe, wasiambiwe na mjumbe.

Mwisho mama atuuliza juu ya kufua, na hili twalijua vyema, kwa sababu hapana nyumba ya pwani isiyoitia nili kanzu. Ile nili ya kufulia haifanyi kanzu iwe buluu. Yaushinda umanjano wa nguo nyeupe iliyozeeka, jicho likaona weupe. Kwa hiyo hata mwanamume asemaye kuwa buluu ni ya wanawake huenda msikitini nayo mabegani. Ama kitambaa cha buluu iliyokoza kina hatari yake. Kabla ya kukikata, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, ukisugue pembeni; kikitoka na rangi, basi hata bitana yake itachuja. Wako waaminio kuwa chumvi huifunga rangi. Nguo iliyotiwa rangi vibaya kiwandani haiponi kwa chumvi. Ifuliwe peke yake kwa maji baridi, bila dawa ya kung'arisha, igeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini. Maji ya kwanza yatatoka buluu. Yamwagwe mbali na beseni la kanzu.